Koo la Mwalimu Wandera

Barnabas Wandera alijikata na wembe asubuhi ile ile aliyopata akili. Ilikuwa Julai, mwaka wa sita wa Uhuru, na Julai ya Nyeri si ya kuchezewa. Watu wa miji mingine hujisifu kwa baridi yao, lakini hawajawahi kunyoa ndevu kwenye ua wa mtaa wa Majengo kabla jua halijatoka, maji ya moto yakipoa hata hujamaliza kupaka sabuni, na Mlima Kenya umejificha kwenye ukungu kama bwana harusi aliyebadili nia.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa Funyula, kule Busia. Mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama kama yanangojea kuitwa. Serikali ilimleta Nyeri kufundisha darasa la tano katika shule iliyo kati ya Majengo na barabara ya Gatitu, akiwa wa daraja la chini kabisa la ualimu. Mkewe, Tryphosa, alibaki Funyula kwa mama mkwe, kwa sababu chumba alichopanga Wandera kwa Mama Mwanasiti kilitosha kitanda kimoja, baiskeli, na mtu mmoja akisimama wima bila kupiga chafya.

Pale shuleni palikuwa na nyumba ya mwalimu. Mawe chini, mbao juu, mlango umefungwa kwa waya, haikai mtu. Wandera alipoiulizia, mwalimu mkuu, Bwana Kihara, mtu wa Wamagana aliyekuja kazini kwa baiskeli na kofia ya sufi hata wakati wa jua, alimpa jibu lisilo na mlango wa nyuma.

"Hiyo nyumba ni ya mwarimu amepanda cheo," alisema. "Inspekta atakuja hii mwezi. Akusikie ukifundisha Kingereza. Akisema ndio, unachukua nyumba. Akisema hapana, ungoje mwaka ingine."

Mwaka mwingine ulikuwa mbali. Askari mmoja wa kwao aliyerudi kutoka likizo alikuwa ameleta salamu za Tryphosa, fupi na safi: "Mwambie mume wangu kwamba mama yake ananipenda sana. Kwa hivyo aje anichukue kabla mapenzi hayo hayajanimaliza."

Kwa hiyo ujue tangu mapema jambo lililokuwa mezani. Si cheo. Ni mke.

Na kilichosimama kati ya Wandera na mke wake kilikuwa kitu kidogo mno, mkia wa neno la Kiingereza. Waingereza wakitaka kusema jambo limeshapita, hubandika herufi mbili mwishoni mwa neno, e na d. Ukiziona kwenye karatasi ni zile zile, kila mahali. Ukizisikia mdomoni mwa mwenyewe, zina sura tatu. "Walked" inaishia kwa t, kavu, kama kijiti kimevunjika. "Called" inaishia kwa d. "Wanted" inaongeza kipande kizima, id, kama behewa la nyuma. Watoto wa darasa la tano hawakuwa na habari hiyo. Wao walitamka kila herufi waliyoiona, kisha wakaongeza irabu moja ya kuisindikiza ili isiende peke yake. Wokedi. Koledi. Wantedi. Usiwacheke. Wewe mwenyewe ukiulizwa ghafla mbele ya watu, utasema hivyo hivyo.

Wandera naye alisema hivyo hivyo mpaka alipofika chuo cha ualimu, ambako mwalimu wake, mama mmoja Mzungu mwenye subira ya ng'ombe, alimsahihisha mbele ya wote. Alijifunza. Alizikariri zile sura tatu neno kwa neno. Lakini alipouliza kwa nini, kwa nini hili t na lile d, yule mama alifikiri kidogo akasema, "Ni hivyo tu, Barnabas."

Kuna watu wanaoweza kuambiwa "ni hivyo tu" wakalala usingizi. Wandera hakuwa mmoja wao. Utotoni alipigwa kwa kufungua saa ya mchungaji aone anayeisukuma mishale. Swali lile alilibeba kutoka chuoni mpaka Nyeri, akilala nalo, akiamka nalo, na ndilo lililokuwa mdomoni mwake asubuhi ile ya wembe.

Alikuwa akinyoa huku akifanya mazoezi ya somo. "Washed," akasema, wembe ukiwa umelala kooni. Kimya. "Shaved," akasema, na hapo akahisi kitu chini ya wembe kikitetemeka, laini, mfululizo, kama mzinga wa nyuki umeguswa. Akashtuka. Damu ikatoka. Mtu mwingine angetafuta kitambaa. Wandera alitupa wembe, akabana koo kwa vidole, sabuni na damu na yote, akarudia. Washed: kimya mpaka mwisho, na mkia wake ni t. Shaved: nyuki wanaimba, na mkia wake ni d.

Alisimama uani akiwa nusu amenyolewa, nusu hajanyolewa, akijaribu kila neno alilolijua. Laughed. Loved. Kissed. Cleaned. Kila mahali ilikuwa ile ile. Nyuki wakiwa wamelala kabla ya mkia, mkia unatoka kavu, t. Wakiwa macho, mkia unatoka d. Koo halipendi kubadilishwa ghafla, basi. Na yale maneno yanayoishia tayari kwa t au d, kama "want", hayana nafasi ya kubandikwa nyingine, ndiyo maana huongezwa kipande. Hilo aliliona kwenye kidevu. Aliweka mgongo wa mkono chini yake akasema "wanted". Kidevu kikashuka mara mbili. "Walked", kikashuka mara moja tu.

Hakuna aliyemwambia. Aliligundua mwenyewe, kwenye ua wa watu, na karai la maji machafu miguuni.

Mama Mwanasiti alikuwa mlangoni pa jiko lake akimtazama.

Mama huyu anahitaji kuelezwa. Baba yake alitoka Tanga akiwa mpishi wa kambi ya Wazungu, akashindwa kurudi. Mama yake alikuwa msichana wa Tetu aliyesilimu. Kwa hiyo Mwanasiti alipika kama mtu wa pwani, alibishana kama mtu wa Tetu, na Majengo nzima ilimsikiliza katika mambo matatu: mahamri, ndoa na maradhi. Mjukuu wake, Chiku, alikuwa darasa la tano kwa Wandera.

Alichokiona Mama Mwanasiti ni mpangaji wake akiwa amejibana koo, macho yamemtoka, anatoa sauti ndogo ndogo. Alirudi jikoni, akatoka na kikombe.

"Kunywa, Mwalimu."

"Nini hii, Mama?"

"Wewe kunywa."

Ilikuwa habasoda, tangawizi, asali, na kitu kingine kichungu ambacho mpaka leo hakijapata jina. Sasa hapa ndipo Wandera alipokosea, na alikosea kwa adabu, ambayo ni njia mbaya zaidi ya kukosea. Kwao Funyula, mama mwenye nyumba akikupa kikombe, humrudishii kikiwa kimejaa. Hata kama umeshiba, hata kama huna kiu, unakunywa na kushukuru. Akanywa. Akashukuru. Hakusema, "Mama, mimi si mgonjwa, nilikuwa natafuta Kiingereza."

Kesho yake alikuwa tena uani ameshika koo, maana ukishapata kitu kama kile huwezi kukiacha. Kikombe kikaja. Akanywa. Kesho kutwa vilevile. Na Majengo ina kanuni yake: mtu mzima akiletewa dawa akainywa kimya, basi anakijua kinachomsumbua. Mama Mwanasiti akawaambia jirani zake kwa sauti ya chini, ile ya chini inayovuka barabara, kwamba Mwalimu Wandera ana donda la koo na anaona haya kusema.

Wakati huo darasani mambo yalikuwa yamewaka moto. Wandera aliwafundisha watoto kuwatafuta nyuki.

"Weka vidole hapa. Polepole, usijinyonge. Sema 'sss'."

"Sss."

"Nyuki wako?"

"Wamelala, mwalimu."

"Sema 'zzz'."

Watoto wakatazamana kama kila mmoja amekuta senti mfukoni asizojua zilitoka wapi. Mutahi, kijana wa Gatitu aliyekuwa hajawahi kuinua mkono tangu Januari, aliinua mkono.

"Mwalimu, hata ng'ombe wako nao?"

"Nenda ukamshike, utuletee jibu."

Alienda akamshika. Alirudi na jibu kwamba ng'ombe wako nao wengi sana, na mbuzi pia, lakini paka amekataa.

Baada ya hapo hukuweza kuwashika tena. Walijaribu majina yao. Walijaribu Kikuyu. Chiku alijaribu madrasa jioni, na maalimu akamuuliza kama amemezwa na mfupa au yeye ndiye aliyeumeza. Kwenye mfereji wa maji, kwenye foleni ya unga, njiani kwenda nyumbani, ungeona mtoto wa darasa la tano amesimama peke yake, mkono mmoja kooni, mwingine chini ya kidevu, akisema "washed, called, planted" na kushusha taya kama samaki.

Na mama zao waliona. Waliliona jambo hilo sokoni, jikoni, kitandani. Mwalimu alianza kushika koo, sasa watoto wake wote wanashika koo. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Jumatatu ambayo inspekta alitarajiwa, Wandera aliingia darasani akiwa amevaa tai yake ya pekee, chaki mpya mkononi, moyo umejaa. Akasimama mlangoni.

Shingo zote zilikuwa zimefungwa.

Nyingine kwa vipande vya leso, nyingine kwa shali, moja kwa soksi ndefu ya askari. Chini ya vitambaa palikuwa na majivu ya moto, na chumba kizima kilinuka mafuta ya mbariki, yale meusi ambayo akina mama wa Nyeri huyapaka kila kitu kutoka kichwa cha mtoto mpaka bawaba ya mlango.

"Good morning, children."

Hakuna aliyejibu. Walisimama, wakakaa, wakamtazama kwa huruma.

"Chiku. Kuna nini?"

Chiku alinyoosha kidole kwenye kitambaa chake. Kisha akanong'ona, "Bibi amesema tusiseme Kiingereza mpaka uvimbe upoe."

"Uvimbe gani?"

"Ule wako, mwalimu."

Bwana Kihara alichungulia dirishani, akavuta hewa, akaona shingo, akavua kofia yake ya sufi.

"Mwarimu Wandera. Toka nje kidogo."

Nje, Kihara alisimama mbali naye kidogo, upande ule upepo unakotoka.

"Hii ni ugonjwa," alisema. "Naita watu wa afya, na watoto wanarudi nyumbani."

"Mwalimu mkuu, hakuna ugonjwa."

"Sasa ni nini? Ni fesheni?"

"Ni Kiingereza."

"Mimi nimefundisha Kingereza tangu wakati ya Mzungu na sijawahi kupakwa mbariki."

"Ukiwarudisha leo, inspekta hatarudi mpaka mwakani."

"Najua. Na nyumba pia itangoja. Lakini ukiniletea kifo hapa shuleni, utangoja ukiwa jera." Kihara hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na mwoga mwenye ofisi huhitaji sababu. Wakati huo huo gari aina ya Volkswagen, la rangi ya maziwa, likageuka langoni. Kihara akavaa kofia haraka. "Amefika. Sikiza, mimi nitampa chai. Chai na mkate. Anapenda mkate. Ukiwa hujanionyesha watoto wanaongea kabla amalize, mimi nasema ukweri."

Wandera alijua kwamba angeweza kuwaamuru watoto wavue vitambaa. Wangevua, kwa uoga, na hakuna ambaye angefungua mdomo. Neno lililowafunga lilikuwa la mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa mwalimu.

Alikimbia. Mtu mzima, mwalimu, na tai begani, alikata kona ya msikiti akaruka mtaro wa maji, na wanawake kwenye mfereji wakasogeza ndoo zao wakisema maskini, sasa imepanda kichwani.

Mama Mwanasiti alikuwa mbele ya karai la mafuta, akigeuza mahamri kwa kijiti. Alipomwona alinyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Mama, usinipe. Sitakunywa."

"Utakunywa. Unahema kama mbwa."

"Mama, mimi si mgonjwa. Sijawahi kuwa mgonjwa."

Kijiti kilisimama. Hamri moja ikaanza kuwa nyeusi na hakuna aliyeijali.

"Habasoda yangu," alisema polepole. "Ile ninayoletewa kutoka Mombasa. Umeinywa kila asubuhi, na huumwi?"

"Siumwi."

"Ulikuwa na kiu?"

"Nilikuwa na adabu, Mama. Kwetu kikombe cha mwenye nyumba hakikataliwi."

"Na kwetu mtu akinywa dawa akanyamaza, ni mgonjwa. Sasa nani alaumiwe hapa, kwenu au kwetu?"

"Mimi," Wandera alisema. "Nilaumiwe mimi. Lakini inspekta yuko shuleni anakula mkate, na ukiisha, mke wangu anabaki Funyula mwaka mzima. Watoto hawataongea mpaka wewe useme."

Alimweleza yote, mbio mbio, nyumba, Tryphosa, nyuki. Mama Mwanasiti alisikiliza na uso umefungwa. Alikuwa amevunjiwa heshima mbele ya jirani zake wote, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wamepakwa majivu kwa neno lake. Mtu kama huyo hajibu haraka. Aliitoa hamri iliyoungua, akaitazama, akaitupa.

"Nyuki," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hapa kooni."

"Hapo hapo."

"Sitaenda kumwambia mtu jambo ambalo mimi mwenyewe sijaliona. Nionyeshe."

Kwa hiyo Wandera, huku dakika za mkate zikiyeyuka, alifundisha. Mama Mwanasiti alisogeza mtandio, akaweka vidole viwili kooni kwa tahadhari, kama anayepima moto wa pasi.

"Sema 'sss', Mama, kama unaanza kusema sukari."

"Sss."

"Sasa 'zzz', kama zaituni."

Alisema. Macho yake yalibadilika. Alirudia. Alirudia tena, akageuka ukutani ili mtu asimwone, akaita jina la marehemu mume wake, akaita la Chiku, akasema "bismillahi" taratibu akisikiliza kila kipande. Wandera alikanyaga mguu huu, akakanyaga ule, lakini hakuthubutu kumkatiza.

"Kumbe miaka yote," alisema hatimaye, na hakumwambia mtu yeyote. Kisha akaondoa karai motoni, akafunga mtandio. "Twende. Na utembee nyuma yangu, usinikimbize. Sitaki waseme umenivuta."

Walipofika, Inspekta Ngatia alikuwa ameshamaliza mkate. Alikuwa mtu mnene wa Mathira, mwenye tai iliyokazwa mpaka shingo ikamwagika juu yake, na alikuwa amesimama mlangoni pa darasa akizitazama zile shingo, Kihara pembeni akisugua mikono.

"Mwalimu," inspekta alisema, "hawa watoto wana nini?"

Kihara alimkonyeza Wandera: sema ni baridi. Ilikuwa rahisi. Julai, Nyeri, nani angebisha? Lakini Mama Mwanasiti alikuwa amesimama pale pale, na Wandera alishamaliza kunywa kimya kwa mwezi huo.

"Hawana kitu, bwana. Ni kosa langu. Walikuwa wakishika koo kama nilivyowafundisha, na wazazi wakadhani ni ugonjwa, kwa sababu mimi niliwaacha wadhani. Huyu mama amekuja kuwafungua."

"Kuwafungua?" Inspekta alimtazama mama. "Nani wewe, mama?"

"Mimi ndiye niliyewafunga," alisema Mama Mwanasiti, akampita. Alikwenda moja kwa moja kwa Chiku, akafungua fundo, akapangusa majivu kwa ncha ya mtandio. Akawageukia wengine. "Sikilizeni, wanangu. Nilikosea. Mwalimu haumwi, nanyi hamuumwi. Vueni, mseme mnavyotaka. Na mama yako akikuuliza, mwambie aje aniulize mimi."

Vitambaa vikaanza kushuka. Majivu yakaruka. Mtoto mmoja akapiga chafya, na kicheko kikapita darasani kama upepo kwenye mahindi. Mama Mwanasiti akatafuta mahali, akakaa kwenye benchi la nyuma. Inspekta, asiyekuwa na kiti kingine, akakaa kando yake, na benchi likainama upande wake.

Wandera akafundisha. Usidhani alifundisha vizuri. Chaki ilimvunjika mara kadhaa na alisahau jina la Mutahi. Lakini watoto walikuwa wamefungwa midomo tangu asubuhi na maneno yaliwatoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Walked. Called. Wanted. Mkono kooni, mkono kidevuni.

"Simamisha," alisema inspekta kutoka nyuma. "Mikono chini. Mikono yote mezani. Sasa nataka maneno ambayo mwalimu hajawafundisha. Wewe msichana. 'Jump'. Sema ya jana."

Chiku alisimama. "Jumped." Kavu, t, kama kijiti.

"Wewe pale. 'Rain'."

"Rained."

"Na wewe, mrefu wa dirishani. 'Plant'."

Mutahi alisimama. "Plantedi," alisema, na papo hapo akajua. Darasa zima likavuta pumzi. Wandera alitazama ubao kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Mutahi, bila kuomba ruhusa, aliinua mgongo wa mkono akauweka chini ya kidevu, akasema polepole, taya ikishuka mara mbili wala si mara tatu, "Planted."

"Nimesema mikono chini."

"Ndiyo, bwana," alisema Mutahi, akashusha mkono. "Lakini ilikuwa imeongezeka moja, nikairudisha."

Inspekta alimtazama mtoto, kisha akamtazama Wandera.

"Nani alikufundisha njia hii? Chuoni hawaifundishi. Mimi nimepita huko."

"Nilijikata nikinyoa, bwana."

Inspekta alifikiri juu ya jibu hilo. Polepole, akidhani yuko nyuma hakuna anayemwona, aliingiza vidole viwili chini ya tai. Midomo yake ikasogea bila sauti ya kusikika. Hakupata kitu. Alijaribu tena, akikunja uso.

"Ilegeze, baba," Mama Mwanasiti alimnong'oneza. "Wangu pia walijificha mpaka nikaondoa mtandio."

Bwana Ngatia, Inspekta wa Shule, alilegeza tai. Watoto waligeuka wote kutazama na Wandera hakuwakataza. Yule mtu mnene alisema neno fulani, halafu lingine, halafu akakaa na vidole bado kooni, na kwa kitambo kidogo hakuwa inspekta wala mtu wa Mathira, alikuwa mtoto wa darasa la tano amekaa kando ya bibi yake.

Kisha akasimama, akakaza tai, akapeana mkono na Wandera, akaenda na Kihara mpaka kwenye gari. Walisimama huko wakizungumza. Inspekta alinyoosha kidole mahali fulani, Kihara akatikisa kichwa, inspekta akanyoosha tena. Volkswagen ikaondoka.

Mama Mwanasiti alikuwa ameshaenda zake kuwaandaa jirani kwa habari mpya. Wandera alibaki mlangoni akifuta chaki mikononi, ingawa mikono ilikuwa imeshatakata. Kihara alirudi akipita kwenye nyasi taratibu, kofia mkononi, uso mzito kama wa mtu aliyeambiwa atoe kitu alichokuwa akikiweka.

"Mwarimu," alisema.

"Bwana."

"Ile nyumba. Paa iko na shida upande ya jikoni. Mwambie mke wako akikuja asiweke kitanda huko."

Wandera alisubiri aendelee. Kihara hakuendelea. Alikuwa ameshageuka kwenda kumkemea mtu aliyeacha lango wazi.

Kisha Wandera akawaambia watoto watoke wakacheze, akavuka uwanja, akafungua ule waya wa mlangoni. Ndani mlinuka vumbi na panya. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale membamba ya Julai, na alisimama katikati ya jikoni akisikiliza yanapodondokea. Moja dirishani. Moja karibu na mafiga. Akahamia chumba cha pili, akasimama pembe hii, akangoja, akahamia ile, akiinua uso na kiganja, mpaka akapata mahali ambapo hapakudondoka kitu. Akachora mstari sakafuni kwa kisigino, mrefu kama kitanda cha watu wawili.